Majina Thelathini na Moja Niliyoyapigia Mstari

Yaya Faida, dada yangu mkubwa uliyenilea na sasa uko Uvira,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Unasema shule ya hapo walimu wanagoma kila baada ya wiki mbili, na mwanao Bijou anasahau hata Kiingereza alichokuwa nacho. Unataka kumtuma kwangu Johannesburg shule zitakapofunguliwa Januari, nimtafutie nafasi, akae nami. Unasema, "Nani mwingine nimwamini na mtoto kama si weye?" Halafu unacheka, na nyuma yako nasikia kuku wa jirani. Umeshauliza mpaka nauli ya basi.

Usikate tiketi kwanza. Soma barua hii mpaka mwisho, ndipo uamue.

Utauliza kwa nini naiandika wazi, kila mtu aisome, badala ya kukupigia simu. Nimekupigia mara tatu. Kila mara unaanza kunichekesha, nami nacheka, tunakata simu sijasema kitu. Tena watoto hawakuwa mmoja, walikuwa thelathini na mmoja. Mama zao wengi bado wako huku Rosettenville, tunakaa nao benchi moja kanisani, nao wana haki ya kujua. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha mwaka mzima na zaidi.

Na nikuambie ukweli, kwa kuwa unanijua: hata huo ujumbe wako nimeushuku. Mtu aliyeondoka mji huu kwa ajili ya shule, anamrudisha mtoto mji uleule, kwa mtu yuleyule, na anacheka? Nimejiuliza kama kuna aliyekunong'oneza jambo, nawe unanipima.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kuomba karatasi za ukimbizi? Tulifika kungali giza, ukanifunga kanga yako kiunoni juu ya suruali kwa ajili ya baridi. Karani aliuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Wewe ulimjibu kwamba mama alisema ni wakati wa kuvuna mpunga, mwaka ule daraja lilipobebwa na maji. Yule karani alishika kalamu, akangoja. Ukamwambia, "Basi andika siku ya kwanza ya Januari, hataisahau." Hakushangaa hata kidogo. Watu wawili waliotutangulia kwenye mstari nao aliwaandikia hiyohiyo. Tulitoka pale tukicheka kwamba sasa mimi nasherehekewa na dunia nzima.

Ukaninunulia keki kila Mwaka Mpya. Ukawashonea Wareno wa mtaani mapazia, ukawashonea wasichana wa kwaya, ukashona sare za shule, ukanisomesha chuo cha hesabu na utunzaji wa kumbukumbu. Nilipoanza kazi Marshalltown, ile sketi ya kijivu uliikata mwenyewe, ukanizungusha mbele ya kioo mara tatu. Ulisema, "Sasa watu wataona nimeshona nini." Hukuwa unazungumzia sketi.

Tabia yangu ya kushuku ulikuwa unaijua tangu zamani. Nilikuwa nahesabu nyanya za spaza, kile kiduka cha mtaani, kabla ya kulipa na baada ya kulipa. Mchungaji alipotangaza mchango wa paa kwa mara ya tatu, mimi ndiye niliyeinua kichwa kuangalia paa. Wewe ulikuwa ukisema, "Huyu atashuku hata chumvi kama kweli ni chumvi." Na nakukumbusha kwamba kuna siku chumvi ya yule bwana wa kona ilikuwa na mchanga, kwa hiyo sikuwa nakosea kila mara.

Kazi ile ilinikaa kama nguo ya kupimwa. Sikuwahi kukueleza vizuri, maana ofisi ilitukataza kuzungumza, kwa hiyo nakueleza leo. Serikali kuu ilikuwa imetoa pesa za kuamsha uchumi. Zilishuka kwenye majimbo kupitia idara zao za elimu: vyoo vijengwe, mapaa yaezekwe, vijana wasio na kazi waajiriwe kuwasaidia walimu, mafundi nao wapate kibarua. Lakini pesa za serikali kuu zina masharti. Kila baada ya miezi mitatu jimbo linatakiwa kuonyesha zimekwenda wapi, na likishindwa, zinarudishwa. Idara nyingine zilikuwa zinaweka makaratasi yao kwenye maboksi ya ndizi. Ndipo wakakodi kampuni ndogo kama yetu iwasaidie kuyapanga.

Kila shule ilipewa kwa idadi ya watoto wake. Na penye idadi hapakosi mjanja. Kulikuwa na walimu wakuu waliojaza majina ya watoto wasiokuwepo, wanafunzi hewa, ili shule ipate zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuwasaka hao hewa. Niliiona shule ambayo darasa zima lilikuwa na majina ya wachezaji wa mpira. Niliiona nyingine ambayo watoto watatu wa kina mama tofauti walikuwa na namba moja ya kitambulisho. Meneja wetu, Mma Dineo, mama wa Kitswana asiyepaza sauti, aliniambia nina pua. Nikaja nyumbani nikakusimulia hilo tu, kwamba nina pua. Ukasema, "Kumbe mtu anaweza kulipwa kwa ugonjwa wake."

Sasa nije kwenye bahasha.

Jumapili baada ya ibada, tukishuka ngazi za lile jengo la mjini, nilikuona unavutwa pembeni. Mara Mama Chantal msusi, mara yule dada Mrundi anayeuza vitenge, mara mwanamke nisiyemjua. Kila mmoja alikupa bahasha ya kaki, mkasemezana kwa sauti ya chini, ukaitia kwenye mkoba. Nilikuuliza. Ukasema, "Mambo ya sare za watoto." Sare zinalipiwa kwa bahasha? Tena kwa kunong'ona? Sikuuliza tena. Nilianza kukuangalia. Nilijua wewe ndiye unayewapeleka wazazi wetu kwa Mam' Khoza, mwalimu mkuu wa shule ya Bijou, kwa kuwa Kizulu chako ndicho kilichonyooka kuliko cha sisi wote. Nikajumlisha. Nikasema moyoni, dada yangu anauza nafasi za shule.

Nimekuja kujua baadaye, kwa Mama Chantal mwenyewe, kwamba ndani ya zile bahasha mlikuwa na kadi za ubatizo na vile vikaratasi vya hospitali vilivyochakaa, kila kilichopatikana mahali pa cheti cha kuzaliwa. Ulivibeba kwa Mam' Khoza ili naye awe na kitu cha kuweka kwenye faili. Ulinificha mimi kwa sababu nilikuwa nafanya kazi na orodha za serikali. Uliwaambia wenzako, "Mdogo wangu asihusishwe, asije akapoteza kazi." Basi wewe ulikuwa unanilinda, mimi nilikuwa nakuchunguza, na tulilala chumba kimoja.

Faili la shule ya Mam' Khoza lilifika mezani kwangu mwaka jana. Ningeweza kulikataa. Watoto karibu wote walikuwa na namba za vitambulisho, ila thelathini na mmoja. Hao hawakuwa na namba, na wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, walizaliwa tarehe moja Januari. Miaka tofauti, siku ileile. Kompyuta ya shule haikubali nafasi tupu, kwa hiyo kwa kila mtoto asiye na cheti karani wao aliandika siku inayoandikwa kwa watu wetu. Mtu mwingine wa ofisini angeona uongo wa wazi. Mimi ningetakiwa kuona foleni ile ya baridi na kanga kiunoni. Lakini mimi niliona bahasha zako.

Mma Dineo alipita na kikombe chake cha chai akachungulia. Akauliza, "Kule ndiko unakoishi, sivyo? Hawa si watu wenu?"

Aliuliza taratibu. Mimi nilisikia kisu. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa inangoja kufanywa upya. Nikaona nimeshawekwa alama: Mkongomani anayewafichia ndugu zake. Nikamjibu kwamba siwajui. Akasema, "Sharp," yaani sawa, akaendelea na njia yake.

Kanuni yetu ilikuwa hivi: majina yakitiliwa shaka, afisa anakwenda shuleni kuhesabu vichwa, mara moja tu, bila kutoa taarifa. Aliyepo anabaki kwenye orodha, asiyekuwepo na hana namba anatoka. Ofisi ilipiga simu shuleni kuuliza habari za ufunguo wa geti, na karani wa shule akaelewa, akakudokeza wewe. Mchana uleule ujumbe wako wa sauti ulikuwa umeshafika kwenye grupu la kina mama. Nimeusikia baadaye. "Watu wa serikali wanakuja na orodha. Kesho kila mtu abaki na mtoto wake."

Mliposikia "watu wa serikali na orodha" mlisikia wale wa uhamiaji. Nani angewalaumu? Watu waliotoka kwetu wakisikia wanahesabiwa, kitu cha kwanza ni kujificha. Wenyeji wangewavalisha watoto viatu vipya.

Asubuhi ile Bijou alikuwa mezani na gauni la kulalia, anachovya mkate kwenye chai. Nilikuuliza mbona hajavaa. Ukasema ana homa, huku umenipa mgongo unapiga pasi. Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba anaumwa sana, mdomo umejaa mkate. Nikajua unanidanganya, nikakasirika. Na mimi sikukuambia ninakokwenda. Ningesema tu, "Yaya, ni mimi ninayekwenda kuwahesabu," ungewavalisha wote thelathini na mmoja ungewapanga getini kwa urefu. Nilichukua mkoba nikatoka.

Shuleni niliingia darasa moja baada ya jingine. Kila darasa lilikuwa na viti vitupu, na kila mwalimu alisema watoto wanaumwa. Darasa la pili, la Bijou, viti vinne. Mam' Khoza alitembea nyuma yangu na viatu vyake vizito mpaka tulipofika ukumbini. Hapo alisoma kitambulisho changu shingoni, jina langu lote, polepole.

"Dada," akasema, "wewe unaelewa kwa nini hawapo."

Nikasema sielewi.

"Njoo kesho. Usimwambie mtu. Ingia tu."

Nikamwambia kanuni ni mara moja. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Naona alikuwa anajaribu kunitambua. Kisha akanifungulia mlango wa nje.

Nilirudi ofisini nikachukua rula na kalamu nyekundu. Majina thelathini na moja, mistari thelathini na moja, na kila mstari nikauwekea saini fupi pembeni, kama inavyotakiwa. Ripoti ikaenda kwenye idara. Idara ikaiambia shule iwatoe mpaka wazazi walete vyeti. Watoto wakarudi nyumbani wakiwa na barua kwenye mabegi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulizunguka shule za kusini zote. Hapa zimejaa, pale lete cheti, kule njoo mwakani. Mam' Khoza aliitwa kujieleza, na baada ya hapo hakuthubutu kupokea mtoto hata mmoja asiye na karatasi. Bijou akashinda chini ya cherehani yako miezi mitatu akiokota nyuzi, anazipanga kwa rangi kwenye kopo la majarini. Nikirudi kazini ananionyesha. Nilikuwa namsifu.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Mam' Khoza alikuwa amekupa nakala ya ukurasa wa ile orodha niliyoipigia mistari. Ukaiweka juu ya kitambaa ulichokuwa unakata, ukauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huu ni mkono wako?"

Nikasema ndiyo.

"Soma ya kumi na tisa."

Nikainama kama mtu anayeliona jina kwa mara ya kwanza. Lilikuwa Mwavita, jina la Bijou la shuleni. Nikakuambia, "Sikujua, Yaya. Mimi namjua Bijou. Na nilidhani yeye ana cheti, si alizaliwa hapa?"

Ulikaa. Ulishika chaki ya kukatia, ukaizungusha vidoleni. Nilikuwa nasubiri unipige, na ningefurahi. Ukasema, "Kweli. Hata mimi mtu akiita Mwavita barabarani, sigeuki." Kisha ukainuka ukanipakulia ugali na mboga ya lengalenga, ukasema nile, nimekonda.

Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ya kina mama baada ya ibada. Uliwaambia, "Mdogo wangu aliandika asichokijua. Msimwekee kinyongo." Wakaja mmoja mmoja kunipa mkono. Yule dada Mrundi alilia, akanikumbatia mimi. Mama Chantal alinisuka bure wiki ile na hakutaka hata soda. Nilikaa kwenye kiti chake saa nne nzima, mikono yake kichwani mwangu, mwanawe akitazama televisheni siku ya shule.

Mwishoni ukachoka. Ulifungua kichwa cha cherehani, ukakiviringisha kwenye blanketi, mkapanda basi la Lubumbashi ili kutoka huko mtafute njia ya kwenda Uvira. Bijou aliuliza kama Uvira kuna roboti za barabarani, zile taa za kuongozea magari. Ukamjibu hakuna hata barabara. Mlicheka mpaka dereva akageuka. Mimi nilibaki nimesimama na mfuko wa machungwa niliosahau kuwapa.

Nilijaribu kurekebisha, nisikufiche na hilo. Nilikwenda kwa Mma Dineo nikamwambia watoto wale ni wa kweli, walifichwa siku ya kuhesabiwa. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimesikia kanisani. Alivua miwani. "Siku ile nilikuuliza kama ni watu wenu," akasema, "ili faili nimpe mwingine. Haifai mtu kuhakiki nyumba yake. Kwa nini hukusema?" Ndicho kile nilichokisikia kama kisu, Yaya. Mama wa watu alikuwa ananifungulia mlango.

Aliandika kwenye idara. Ilichukua muda, lakini baadhi ya watoto wamerudi darasani, mwana wa Mama Chantal akiwa mmoja wao. Wengine walishahama, na namba za simu za wazazi wao hazipatikani. Pesa za shule zilikuwa zimeshagawanywa kwa idadi ndogo, vyoo vikajengwa pungufu. Nimevipita juzi. Watoto wamepanga foleni mpaka kwenye uzio.

Hapo ndipo ningeweza kuishia, na ungebaki kunifahamu kama mtu mwenye macho makali aliyekosea mara moja. Ndivyo ulivyowaambia watu. Sasa nakuambia lisilowahi kutoka mdomoni mwangu.

Siku ile na rula, niliyapiga majina kumi na manane bila kusimama. La kumi na tisa nikasimama. Mwavita. Nililijua palepale, Yaya, na ningelijua gizani. Nilikuwepo alipozaliwa, Jumanne ya mvua ya mawe, bati za hospitali zikilia mpaka nesi anapiga kelele ili asikike. Wewe ulikuwa umemshika mtoto, ukanipa mimi kalamu niijaze ile karatasi ya hospitali. Nilikuuliza aitwe nani. Ukasema, "Mwavita. Mama arudi." Jina la mama yetu. Mimi ndiye niliyeliandika mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyelifuta.

Na kumbuka nilikuwa nimemgusa paji la uso asubuhi ileile. Nilijua yuko nyumbani, mzima, anakula mkate. Kama Bijou yupo, basi na wale thelathini wapo. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Niliweka kalamu chini, nikaenda kuchemsha maji ya chai. Nikayanywa matupu dirishani, watu wakipita chini na mizigo yao. Nikafikiri mkataba wangu. Nikafikiri karatasi yangu. Nikajiambia kwamba nikimruka yeye peke yake wataniuliza kwa nini, na nikiwaruka wote wataniuliza zaidi. Nikazikumbuka bahasha zako, nikajishikiza kwenye zile bahasha kama mlevi kwenye ukuta: kama dada anauza nafasi, basi na kosa ni lake. Nikarudi mezani nikapiga mstari. Ulinyooka vizuri. Nikaendelea na wa ishirini.

Kwa hiyo ulinisamehe kosa ambalo sikulifanya. Hili nililolifanya hakuna aliyelisamehe, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa.

Najua Mma Dineo hasomi Kiswahili, lakini watapatikana wa kumtafsiria. Na iwe. Kina mama nao wakiniondoa kwenye benchi nitakaa nyuma. Mama Chantal akitaka malipo ya nywele zile, atayapata.

Kilichobaki kunisumbua ni wewe. Kila nikiikumbuka ile Jumamosi naona jambo ambalo, kwa pua yangu yote, sikuliona siku ile. Nilikuambia sikulitambua jina la mama yetu. Nani angeamini uongo wa namna hiyo? Wewe uliyemzika mama kwa mikono yako, uliamini kwamba mwanawe mwingine amelisoma jina lake akalipita? Hukuamini. Nadhani ulijua palepale, ukaizungusha chaki, ukachagua. Na kama ulijua, basi ulisimama mbele ya kina mama wote ukaubeba uongo wangu mdomoni mwako, wewe usiyedanganya hata bei ya kitambaa. Na sasa unanitumia mtoto.

Huenda nakosea. Huenda uliniamini kweli, na leo ndiyo unajua. Sitakuuliza, maana jibu lolote utakalonipa nitalishuku.

Ninachokuomba ni kimoja. Usiamue peke yako. Bijou ana miaka tisa, ana akili, na jambo hili lilimpata yeye. Mkalishe umwambie bila kunipamba: mama mdogo aliliona jina lako kwenye orodha, alilijua ni lako, akalipigia mstari kwa sababu aliogopa. Muache aulize atakachouliza. Akikataa kuja, usimbembeleze, na usimkasirikie kwa ajili yangu. Akikubali akiwa ameshajua, nitumie siku ya basi tu. Nitafika stesheni kabla yake.

Mimi mdogo wako wa damu, uliyenishonea sketi ya kazi